Kufundisha Serikali za Mitaa kwa Igizo Dhima: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Mkutano Mkuu wa Kijiji Darasani

Wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania wanaweza kutaja ngazi za serikali za mitaa kwa mpangilio sahihi, kuanzia kitongoji hadi halmashauri, na wakapata alama zote za swali hilo katika mtihani. Lakini waulize ni nani anayeweza kumzuia mwenyekiti wa kijiji asigawe eneo la malisho kwa uamuzi wake mwenyewe, na utaona darasa likinyamaza, au utapata jibu la neno moja tu: serikali. Wamejifunza majina ya vyombo bila kujifunza mipaka ya mamlaka ya vyombo hivyo, na mwananchi asiyejua mipaka hiyo hawezi kudai haki yake kwa sababu hajui aanzie mlango gani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu anayetaka kuziba pengo hilo kwa kutumia igizo dhima, yaani mchezo ambamo kila mwanafunzi hupewa nafasi ya mtu fulani na kutenda kama yeye. Unahitaji vipindi vitano vya dakika 40, karatasi za kutosha, na mwalimu aliye tayari kukaa nyuma ya darasa na kunyamaza kwa muda mrefu kuliko alivyozoea.

Kwa nini mkutano mkuu wa kijiji

Walimu wanaotumia mbinu hii mara nyingi huchagua baraza la madiwani, kwa sababu lina utaratibu wa kupendeza, lina majoho, na wanafunzi wameliona kwenye televisheni. Mimi napendekeza kuanzia kijijini. Darasa la wanafunzi 70 likiigiza baraza la madiwani litatoa nafasi kwa wanafunzi 20 au 25, na waliobaki watakuwa watazamaji ambao baada ya dakika 10 wataanza kupiga soga. Mkutano mkuu wa kijiji hauna tatizo hilo. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu, na mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu katika sera za jumla za kijiji. Wingi wa wanafunzi, ambao katika masomo mengine ni mzigo kwa mwalimu, hapa unageuka kuwa uhalisia.

Sababu ya pili ni kwamba kijijini ndipo tofauti kati ya wananchi wenyewe, waliochaguliwa na walioajiriwa inapoonekana waziwazi, kwa kuwa wote hukutana chini ya mti mmoja au katika ukumbi mmoja. Mwanafunzi akiielewa tofauti hiyo hapo, hatapata shida kuitambua katika ngazi ya kata na ya wilaya.

Mambo ambayo mwalimu anapaswa kuyashika kabla ya kuingia darasani

Igizo la namna hii huharibika pale mwalimu mwenyewe anapokuwa hana uhakika nani ana mamlaka gani, kwa maana wanafunzi watauliza katikati ya mkutano, na jibu la kubahatisha litabaki vichwani mwao kwa miaka. Andika kwenye karatasi moja mambo yafuatayo, uyasome hadi uyazoee.

Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ndizo zinazoweka msingi wa vyombo vya serikali za mitaa na kueleza kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ni vizuri wanafunzi wajue kwamba vyombo hivi havikuwapo wakati wote: mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na mfumo wa Madaraka Mikoani, sheria mpya zikatungwa mwaka 1982, na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Historia hiyo isichukue zaidi ya dakika tano, lakini isirukwe, kwa sababu inawaonyesha vijana kwamba chombo wanachokiigiza kiliwahi kuondolewa na kikarudishwa.

Chini ya mkutano mkuu ipo halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Ndani yake wamo mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote, na wajumbe wengine waliochaguliwa, pamoja na nafasi za wanawake. Halmashauri hiyo hufanya kazi kupitia kamati za kudumu, nazo ni kamati ya fedha, uchumi na mipango; kamati ya huduma za jamii na shughuli za kujitegemea; na kamati ya ulinzi na usalama. Katibu wake ni mtendaji wa kijiji, ambaye hachaguliwi na wananchi bali ni mtumishi aliyeajiriwa. Mtendaji hushauri, huandika muhtasari, hutunza kumbukumbu na kutekeleza maamuzi, wala hapigi kura katika halmashauri ya kijiji.

Kwa upande wa ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na papo hapo inaikataza kugawa ardhi hiyo bila kupata kwanza idhini ya mkutano mkuu. Kifungu hicho ndicho moyo wa igizo zima, kama itakavyoonekana. Kwa upande wa sheria ndogo, kijiji kinaweza kuzitunga baada ya mkutano mkuu kuzijadili, lakini haziwi sheria mpaka ziidhinishwe na halmashauri ya wilaya.

Ngazi za juu zinatosha kuelezwa kwa ufupi. Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani, katibu wake akiwa mtendaji wa kata, na wenyeviti wa vijiji vya kata hiyo ni wajumbe. Baraza la madiwani huongozwa na mwenyekiti wa halmashauri, au meya katika manispaa na jiji, na mkurugenzi ndiye katibu. Hapa wanafunzi huchanganya watu watatu karibu kila mara, hivyo watenganishe mapema: mwenyekiti wa halmashauri huchaguliwa na madiwani wenzake, mkurugenzi ni mtendaji mkuu wa halmashauri, na huteuliwa, mkuu wa wilaya naye huteuliwa na Rais, lakini ni mwakilishi wa Serikali Kuu, si sehemu ya halmashauri.

Kutunga kijiji na matatizo yake

Waache wanafunzi wakipe kijiji jina, mradi lisiwe jina la kijiji halisi cha jirani. Sharti hili lisilegezwe. Kijiji kikiwa na jina la kweli, mwenyekiti wa kuigiza atageuka kuwa mwenyekiti wa kweli machoni pa darasa, na mwanafunzi ambaye baba yake au shangazi yake ni kiongozi atajikuta akitetea familia badala ya kujifunza.

Gawa darasa katika vitongoji vinne kwa kufuata mistari ya madawati, kisha uandike ubaoni hali ya kijiji. Kijiji kina ofisi, shule ya msingi, kisima kimoja kilichoharibika pampu, na jengo la zahanati lililoishia kwenye linta. Kina eneo la malisho la ekari 60 kando ya barabara. Kina pia akiba katika akaunti yake, na hapa mwalimu anapaswa kuwa makini na hesabu, kwa sababu hesabu ndizo zinazoleta mjadala.

Hesabu ninazopendekeza kwa igizo ni hizi. Katika robo mwaka iliyopita kijiji kilipata Sh 12,400,000 kutokana na mgao kutoka halmashauri ya wilaya, michango ya wananchi na pango la vibanda vya kijiji. Matumizi yaliyoorodheshwa ni Sh 3,100,000. Salio lililoandikwa kwenye taarifa ni Sh 9,000,000. Mahitaji yaliyo mezani ni manne: kutengeneza kisima Sh 4,500,000, kujenga kivuko cha kuvushia korongo watoto wanaokwenda shule Sh 5,000,000, kujenga matundu ya choo ya shule Sh 6,000,000, na kuezeka zahanati Sh 7,200,000.

Kiasi hiki hakikuchaguliwa ovyo. Miradi miwili ya bei ya chini, kisima na kivuko, inagharimu Sh 9,500,000, yaani inapita salio kwa Sh 500,000 tu, na upungufu mdogo namna hiyo huzaa mjadala mzuri kuliko upungufu mkubwa, kwa maana unawashawishi watu kutafuta njia: kuchangishana, kutoa nguvukazi, kupunguza kazi, au kusubiri robo ijayo. Aidha, mwanafunzi atakayetoa 3,100,000 kutoka 12,400,000 atapata 9,300,000, si 9,000,000. Shilingi 300,000 hazionekani. Usimwambie mtu yeyote, isipokuwa wale ambao kadi zao zinawaeleza.

Jambo la mwisho la kutunga ni ombi la ardhi. Kikundi cha vijana wa kijijini kimeandika barua kikiomba kugawiwa ekari 20 za eneo la malisho kwa ajili ya kilimo cha mboga, na kinataka majibu ndani ya wiki moja kwa sababu kimeahidiwa mkopo. Kama unataka kuongeza uhalisia, eleza kwamba halmashauri za wilaya hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Kuandika kadi dhima

Kadi dhima ni karatasi ndogo inayomweleza mwanafunzi yeye ni nani, anataka nini, anajua nini ambacho wengine hawakijui, na ana mamlaka gani. Walimu wengi huandika mambo mawili ya kwanza na kuishia hapo, na ndiyo maana maigizo yao hugeuka kuwa ugomvi wa kuchekesha. Kipengele cha mamlaka ndicho kinachobadilisha mchezo kuwa somo la uraia. Hizi hapa kadi tatu zilizokamilika, ili uone kiwango cha undani kinachohitajika.

Kadi ya mwenyekiti wa kijiji: "Wewe ni mwenyekiti wa kijiji, uliyechaguliwa na wananchi. Unaongoza vikao vya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Unatamani kivuko kijengwe kwa sababu uliahidi wakati wa kampeni. Vijana walioomba ardhi walikusaidia kushinda, na umewaambia wasiwe na wasiwasi. Mwezi uliopita ulimruhusu mtendaji kutumia Sh 300,000 kuziba paa la ofisi lililokuwa likivuja, bila kuipeleka hoja hiyo katika halmashauri ya kijiji. Huna mamlaka ya kuamua jambo la kijiji peke yako."

Kadi ya mtendaji wa kijiji: "Wewe ni mtumishi uliyeajiriwa na ndiye katibu. Kazi yako ni kuandaa ajenda, kuandika muhtasari, kusoma taarifa ya mapato na matumizi, na kushauri kuhusu sheria pale unapoulizwa au unapoona kosa. Fedha za paa ulizitumia kweli kwa paa na risiti unayo, lakini matumizi hayo hukuyaingiza kwenye taarifa kwa sababu hayakuwa na kibali cha halmashauri ya kijiji. Ukiulizwa, sema kweli. Unafahamu kwamba ardhi haigawiwi bila idhini ya mkutano mkuu. Hupigi kura katika halmashauri ya kijiji."

Kadi ya mkazi wa kitongoji cha tatu: "Una ng'ombe sita wanaotegemea eneo la malisho. Uliwahi kuwa mhasibu wa chama cha ushirika, na ukisomewa hesabu huzifuatilia kwa kalamu. Unaogopa kusimama mbele ya watu, lakini leo umeamua kusema. Ni mjumbe wa mkutano mkuu, na una haki ya kuuliza swali lolote linalohusu fedha za kijiji."

Angalia kwamba hakuna mwovu miongoni mwao. Mwenyekiti hakuiba, alivuka mipaka kwa nia njema, na mtendaji akaficha kosa la utaratibu. Nimechagua hivyo kwa makusudi. Ukiweka mwizi kwenye igizo, wanafunzi watajifunza kwamba wizi ni mbaya, jambo ambalo wanalijua tayari. Ukiweka mtu mwema aliyeruka hatua, watalazimika kufikiri kwa nini hatua hiyo iliwekwa.

Kadi nyingine zinaweza kuwa fupi: mwalimu mkuu anayetaka vyoo, mama mjamzito anayesafiri mbali kufuata kliniki, kiongozi wa kikundi cha vijana, mzee anayekumbuka mpaka wa malisho ulivyowekwa, mkazi mwenye ulemavu anayeshindwa kuvuka korongo pasipokuwa na kivuko, wenyeviti wanne wa vitongoji. Wanafunzi wasio na kadi maalumu wapewe kadi ya jumla yenye sentensi mbili: kitongoji chao na shida moja wanayoiona kila siku. Wasipewe maneno ya kusema. Usiwape wasichana nafasi za ukatibu na za kina mama pekee. Nafasi ya mwenyekiti, ya mhasibu na ya mzee wa mipaka inaweza kuchukuliwa na yeyote.

Kipindi cha kwanza: uchaguzi

Kila kitongoji kichague mwenyekiti wake, kisha darasa zima lichague mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wengine 10, nafasi kadhaa zikiwa zimetengwa kwa wasichana. Mwenyekiti wa kijiji mmoja, wenyeviti wanne wa vitongoji na wajumbe 10 wanatimiza idadi ya chini ya kisheria, yaani 15. Mtendaji usimpigishe kura: mteue mwenyewe mbele ya darasa, na uwaambie ni kwa nini, ili tofauti ya kuchaguliwa na kuajiriwa ionekane kwa macho.

Kura ziwe za siri, kwa vipande vya karatasi na boksi. Waeleze kwamba uchaguzi wa viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa hufanyika kila baada ya miaka mitano, kwamba uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 ulikuwa wa ngazi hizo, na kwamba madiwani huchaguliwa katika Uchaguzi Mkuu. Katika hali halisi wagombea hudhaminiwa na vyama vya siasa, na jambo hilo liseme wazi. Lakini ndani ya igizo pasiwe na jina la chama, rangi ya chama wala kaulimbiu yake. Shule si mahali pa kampeni, na igizo likishaingia vyama, mjadala wa kisima hautafanyika tena.

Kipindi cha pili: kikao cha halmashauri ya kijiji

Wajumbe 15 wakae katikati kwa duara, mtendaji akiwa pembeni ya mwenyekiti. Wanafunzi wengine wakae kuwazunguka na wasizungumze. Kila mmoja aandike maamuzi anayoyasikia, na mbele ya kila uamuzi aweke alama kama anadhani kikao hicho kina mamlaka ya kuufanya au hakina.

Halmashauri itajadili vipaumbele na barua ya vijana. Mwenyekiti, kwa kuwa kadi yake inamsukuma, huenda akapendekeza ardhi itolewe siku hiyohiyo. Hiki ndicho kishawishi kikubwa kwa mwalimu kuingilia kati, na hapa hasa ndipo asiingilie. Kama mtendaji atakumbuka kushauri, vizuri. Kama hatakumbuka na wajumbe wakapitisha, vizuri zaidi, kwa sababu kosa hilo litaibuka mbele ya watu wote katika mkutano mkuu na litasahihishwa na wanafunzi wenyewe. Kosa lililosahihishwa na wenzao hukaa kichwani kuliko onyo la mwalimu.

Kipindi cha tatu na cha nne: mkutano mkuu

Mkutano huu upewe vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Tangazo libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa darasa siku kadhaa kabla, likitaja tarehe, saa, mahali na ajenda, kwa maana kutoa taarifa mapema ni sehemu ya uhalali wa mkutano. Waeleze wanafunzi kwamba mkutano mkuu hutakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na kwamba kusomewa mapato na matumizi ni haki yao, wala si hisani ya kiongozi.

Ajenda ifuate mpangilio unaotumika vijijini: kufungua mkutano, kuthibitisha ajenda, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo (yaani kufuatilia mambo yaliyotokana na muhtasari huo), taarifa ya mapato na matumizi, vipaumbele vya maendeleo, ombi la ardhi, mengineyo, na kufunga. Muhtasari wa mkutano uliopita uandike wewe mwenyewe, nusu ukurasa, na weka ndani yake ahadi moja ambayo haikutekelezwa, kwa mfano kwamba pampu ya kisima ingekuwa imeshakaguliwa. Wanafunzi wataona kazi ya kipengele cha yatokanayo, ambacho vinginevyo hukiona kama maneno ya kujaza karatasi.

Wakati wa taarifa ya fedha, mkazi wa kitongoji cha tatu atasimama. Mazungumzo kwa kawaida huenda hivi:

"Ndugu mwenyekiti, naomba kumuuliza mtendaji. Umesema tulipata milioni kumi na mbili na laki nne, tukatumia milioni tatu na laki moja. Salio linakuwaje milioni tisa?"

"Ndugu mwananchi, kuna gharama ndogo za ofisi."

"Gharama ndogo za ofisi ni kiasi gani, na kikao gani kiliziidhinisha?"

Swali la mwisho likiulizwa, igizo limefikia lengo lake. Likikosa kuulizwa, usilitoe wewe. Litaje katika kipindi cha mjadala.

Katika upigaji kura, mwangalie sana mwenyekiti. Wenyeviti wengi wa kuigiza huuliza, "Wanaoafiki waseme ndiyo," sauti zikajaa chumba, kisha hutangaza kwamba hoja imepita bila kuuliza wasioafiki. Mwelekeze mtendaji mapema kwamba mjumbe yeyote akiomba kura zihesabiwe, zihesabiwe kwa kunyoosha mikono, waliokubali, waliokataa na wasiopiga kura, na idadi zote tatu ziingie kwenye muhtasari. Darasa likishaona hoja iliyopita kwa sauti kubwa ikianguka kwa kuhesabiwa mikono, halihitaji maelezo zaidi kuhusu umuhimu wa kuhesabu.

Kuhusu upungufu wa Sh 500,000, waache wabishane. Wakiamua kuchangishana, hakikisha mtu mmoja anauliza habari za kaya isiyo na uwezo. Na kama watakumbuka kwamba zile Sh 300,000 zingepunguza upungufu hadi Sh 200,000, wameunganisha mambo mawili ambayo ungehangaika kuyaunganisha kwa mhadhara.

Kipindi cha tano: mjadala baada ya igizo

Mwalimu mwenye muda mfupi hushawishika kukata kipindi hiki. Ni afadhali ukate uchaguzi, viongozi ukawateua mwenyewe, kuliko kukata mjadala. Igizo pekee huacha kumbukumbu ya vicheko na ubishi. Mjadala ndio unaoigeuza kumbukumbu hiyo kuwa maarifa.

Anza kwa kuwavua wanafunzi nafasi zao. Warudishe kadi mezani, wahame viti, na waitane tena kwa majina yao. Aliyeigiza mwenyekiti huenda amezomewa kwa dakika 80, na ni haki yake kusikia kutoka kwako, mbele ya darasa, kwamba alitekeleza vyema kazi aliyopewa. Mpe nafasi ya kwanza kueleza alijisikiaje alipobanwa, na kwa nini alikuwa na haraka.

Kisha chora ubaoni safu tatu: uamuzi uliofanyika, chombo kilichoufanya, chombo chenye mamlaka hayo kisheria. Watoe maamuzi yote kutoka kwenye madaftari yao, moja baada ya jingine. Mahali safu ya pili na ya tatu zinapotofautiana, simama. Kama halmashauri ya kijiji iligawa ardhi, waulize: ugawaji huo una nguvu gani? Nani angeumia kama usingehojiwa? Mwanakijiji angeenda wapi? Hapo utaje baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha migogoro ya ardhi, na ueleze njia ya kwenda juu kupitia kata hadi wilayani. Kuhusu paa la ofisi, swali zuri ni moja: kama matumizi yalikuwa ya kweli na ya lazima, kosa lilikuwa wapi? Lisubiri jibu, hata kama ukimya utakuwa mrefu.

Mwisho waulize waliokaa kimya ni kwa nini walikaa kimya. Majibu yao, kwamba waliogopa kuchekwa, kwamba wazungumzaji walikuwa walewale, kwamba hawakujua kama wanaruhusiwa, ndiyo majibu ambayo hata watu wazima huyatoa kuhusu mikutano halisi, na yanastahili kuandikwa ubaoni kwa heshima ileile kama vifungu vya sheria.

Kutathmini

Usitoe alama za uigizaji. Mwanafunzi mchangamfu si lazima awe ameelewa, na mpole si lazima awe hajaelewa. Kila mmoja aandike kazi mbili: muhtasari wa mkutano mkuu katika ukurasa mmoja, wenye mahudhurio, hoja, maamuzi na idadi ya kura, na barua rasmi ya mkazi aliyeona kasoro moja, ikielekezwa kwa chombo sahihi na kutaja sababu. Katika barua, angalia kwanza anwani. Mwanafunzi aliyeandikia mkuu wa wilaya kulalamikia uamuzi wa halmashauri ya kijiji bila kuupitisha kwenye mkutano mkuu bado anahitaji msaada wako, hata kama lugha yake ni fasaha.

Shule za mjini na ugeni wa viongozi

Mjini hakuna vijiji bali mitaa, na tofauti haiishii kwenye jina. Halmashauri ya kijiji ni chombo chenye hadhi ya kisheria kinachoweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa hauna hadhi hiyo, na usimamizi wa ardhi uko kwa mamlaka ya mji. Kwa hiyo katika darasa la mjini badilisha ombi la ardhi liwe suala la ukusanyaji wa taka au mtaro wa maji ya mvua, na uamuzi wa mwisho wa fedha uupeleke ngazi ya juu, ambako mtaa utawasilisha maombi yake kupitia kata. Kama kuna nafasi katika ratiba, fanyeni matoleo yote mawili na kuyalinganisha.

Kumwalika mtendaji au mwenyekiti halisi ni jambo jema, mradi aje baada ya igizo, si kabla. Akija kabla, wanafunzi humsikiliza kama mgeni rasmi na kumpigia makofi. Akija baada, humuuliza maswali ambayo yamewatoa jasho wenyewe. Mweleze mapema aina ya maswali atakayoulizwa, hasa kuhusu taarifa za robo mwaka na mahali zinapobandikwa, mwombe aje na nakala ya ajenda ya mkutano mmoja uliokwisha kufanyika, na mwambie mwanafunzi aliyeigiza mtendaji akae karibu naye ili walinganishe mihtasari yao, kipengele kwa kipengele.